Sakafu Tuliyoirudishia Udongo

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nasema nilikuwa natunza mambo ya kale, na wengi hudhani nilikuwa nakaa makumbusho nikifuta vumbi kwenye vioo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kutunza shimo. Shimo lenyewe lilikuwa ndani ya kihamba cha bibi mmoja mjane huko Machame, shamba la ukoo lililozunguka nyumba yake, katikati ya migomba na kahawa, na chini yake kulikuwa na sakafu ya nyumba ya watu walioishi pale zamani sana, kabla hajatokea mtu wa kuandika habari zao. Wataalamu walikuja wakalichimba, wakapima, wakapiga picha, wakabeba vigae vya vyungu na mifupa ya wanyama, wakaondoka. Sakafu haikubebeka. Nikaachiwa mimi.

Ilikuwa sakafu ya udongo uliopigwa hadi ukawa mgumu, kisha ukaungua, pengine siku nyumba yenyewe ilipoteketea, na ule moto ndio ulioifanya idumu. Upande mmoja yalikuwepo mafiga matatu, yameegemeana kidogo kama wazee wanaoongea. Kuzunguka sakafu kulikuwa na matundu yaliposimama nguzo. Na kwenye kona karibu na jiko, pale sakafu ilipokutana na ukuta, palikuwa na alama za vidole. Mtu alikandika udongo kwa mkono wake, akamalizia ile kona kwa kuvuta vidole mara moja, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa na shughuli nyingine inayomsubiri. Siku ya kwanza nilipoziona nilikaa chini. Nilikuwa bado na magoti mazuri wakati huo, kukaa chini hakukuwa jambo la kufikiria mara mbili.

Wakubwa wa kazini waliamua sakafu iachwe wazi ili wageni wanaoshuka mlimani na watoto wa shule waje kuiona. Likajengwa banda la mabati juu ya shimo, zuri kwa macho, refu, lenye hewa pande zote. Aliyelichora sidhani kama aliwahi kuwa Machame wakati wa masika. Mvua ya kule hainyeshi kutoka juu tu, inakuja na ukungu, inakuja kwa ubavu, inaingia mahali ambapo hukujua kuna tundu.

Basi kazi ikawa hivi. Wakati wa kiangazi sakafu ilikauka, na maji yaliyokuwa ndani ya udongo yakapanda juu yakiwa na chumvi yake. Chumvi ikabaki usoni mwa sakafu, nyeupe, laini kama unga wa muhogo, na kila ilipochanua ilibandua ngozi nyembamba ya udongo. Niliiondoa kwa brashi laini, taratibu, na brashi nayo ikaondoka na punje. Masika yalipoingia, chumvi ikapotea na kijani kikaota. Kuta za shimo zikanywa maji zikavimba. Kiangazi kilichofuata zikanywea zikapasuka. Nilijaza nyufa kwa udongo wa rangi ileile tulioutafuta bondeni, nikauchuja, nikaukanda, nikausukuma ndani kwa kijiti. Mwaka uliofuata ufa ulitokea pembeni ya kiraka changu, kana kwamba ardhi inanionyesha kwamba haikusahau.

Nilikuwa naishi Rau, chini mjini, kwenye nyumba yetu tuliyoijenga kidogo kidogo, yenye ukuta mmoja uliokuwa na unyevu tangu tulipohamia. Mume wangu alikuwa akiniona natoka asubuhi na mfuko wa brashi na sponji, ananiangalia, anauangalia ule ukuta.

"Nyumba ya watu waliokwisha kufa unaipiga brashi," aliniambia siku moja. "Hii ya walio hai inaota ukungu."

Tulicheka. Lakini jioni yake niliporudi sikuwa na nguvu ya kugusa ukuta wowote, wa kale wala wa leo.

Niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo ni fundi mmoja wa kijijini palepale, mwashi, mtu mzima wa rika langu, mpole, asiyependa kuongea akiwa na udongo mkononi. Yeye alishughulika na kuta, mitaro na banda, mimi nikashughulika na sakafu. Tulikuwa tunaweza kukaa asubuhi nzima shimoni bila kusemezana, kisha mmoja akasema "chai," tukapanda.

Chai ilikuwa kwa yule bibi mwenye kihamba. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka shimoni, na mlango wake wa jikoni ulitazama banda letu. Mume wake alifariki muda mfupi kabla ya uchimbaji, na wataalamu walipokuja kuomba ruhusa, shemeji zake walikataa katakata. Walisema kwenye kihamba huchimbwa shimo la aina moja tu, nalo ni kaburi. Yeye akakubali. Migomba yake ikang'olewa, kahawa ya mume wake ikakatwa, na kwa muda mrefu watu wakitoka kanisani Jumapili walimuuliza kama shimo lake limezaa. Alinisimulia mwenyewe, bila kucheka.

Wageni walipoanza kuja, alipata kazi ambayo hakuna aliyempa. Alikuwa anasimama kwenye ukingo wa banda, amejifunga kanga juu ya sweta, ameshika fimbo, anawaeleza habari za nyumba ile. Mimi nilikuwa na maelezo yangu niliyopewa ofisini, lakini hakuna aliyenisikiliza akiwepo yeye. Kila mwaka habari iliongezeka. Mwanzoni palikuwa na watu tu waliopika hapa. Baadaye palikuwa na mama mwenye nyumba. Kisha yule mama akawa mjane, akawa na ng'ombe wawili na watoto waliohamia mbali. Fundi alikuwa ananitazama, na mimi nafanya kama sijasikia. Watoto wa bibi walikuwa Dar es Salaam na Arusha, na zizini kwake walikuwemo ng'ombe wawili.

"Shikamoo, Bibi," nilikuwa nikimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kwa wagonjwa wako?"

"Nimekuja."

"Hawajapona?"

"Bado, Bibi."

Mwaka mvua ilipokuja kubwa, maji hayakutoka mbinguni peke yake. Juu ya kihamba kile unapita mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka mtoni kwenda mashambani. Zamani kila ukoo ulikuwa na siku yake ya kuufukua. Sasa nyumba nyingi zina maji ya bomba, vijana wako mjini, na wanaofika siku ya mfongo ni wazee wawili watatu wenye majembe na malalamiko. Mfongo ulijaa majani na tope, ukapasuka juu yetu kidogo, na maji yakaingia ardhini. Hayakufika shimoni kwa juu, ambako tungeyaona. Yalikuja kwa chini, kimya, kupitia udongo.

Asubuhi hiyo nilifika nikamkuta fundi amesimama kwenye ukingo, hajashuka. Hakunisalimia. Ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa umeteleza wote, umelala juu ya sakafu kama mtu aliyechoka kusimama. Figa moja lilikuwa limesukumwa likaanguka kifudifudi. Lililobaki la sakafu lilikuwa chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Tulifanya kazi ile majuma kadhaa. Tulichota maji kwa vikombe, maana ndoo ingekwangua. Tope tuliliondoa kwa vijiti vya mianzi na sponji, kidogo kidogo, tumelala kwa matumbo juu ya mbao. Mvua iliendelea kunyesha juu ya mabati hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Mgongo wangu ulifika mahali ambapo haukuuma tena, ulikuwa upo tu, kama mzigo wa mtu mwingine. Nilikuwa naelekea kwenye ile kona ya jiko, na niliiacha iwe ya mwisho kwa makusudi.

Nilipofika nikasafisha, nikasubiri pakauke, nikasafisha tena. Vidole havikuwepo. Palikuwa na mchirizi mmoja hafifu ambao ningeweza kusema ni kidole kama ningetaka sana. Nilichukua picha iliyopigwa mwaka wa uchimbaji, nikaishika karibu. Nilipoitazama vizuri nilielewa kwamba si tope la juzi lililovimaliza. Vilikuwa vinaondoka tangu siku vilipoona hewa. Nilikuwa navitazama kila siku, na kwa sababu hiyo sikuviona vikienda, kama usivyoona mzazi wako akizeeka ukiwa unaishi naye.

Fundi alikuja akachuchumaa kando yangu. Alitazama picha, akatazama kona.

"Dada," akasema, "tumeshindwa."

"Tumeshindwa kuiweka wazi," nikamjibu. "Kuitunza bado tunaweza."

Hakuelewa, au alielewa mara moja na hakutaka kusema. Kwa miaka mingi nilijua dawa ya sakafu ile. Mtu yeyote wa kazi yetu anaijua. Kitu kilichokaa salama ardhini maelfu ya miaka, ukitaka kidumu, kirudishe ardhini. Nilikuwa nimeandika hivyo zaidi ya mara moja, nikajibiwa kwamba tutawafukuza wageni, na nikarudi kwenye brashi yangu kwa sababu kurudi kwenye brashi kulikuwa rahisi kuliko kubishana.

Safari hii nilimpigia simu mkubwa wangu nikiwa bado nimekaa shimoni.

"Tufukie," nikamwambia.

"Halafu wageni wataona nini?"

"Majani."

Akasema atakuja mwenyewe. Alikuja baada ya siku chache, akashuka kwa uangalifu na viatu vyake vya ofisini, akasimama juu ya ubao. Alinyoosha mkono kugusa ukuta uliobaki, na ukuta ukabaki kiganjani mwake, donge zima. Akalitazama lile donge kwa muda, akatafuta pa kuliweka, akakosa.

"Fanyeni," akasema.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia bibi, na hiyo niliiogopa kuliko safari ya mkubwa.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za kiburu, chakula cha ndizi na maharage. Maharage yalikuwa yanachemka. Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye, nikamweleza: kwamba sakafu inakufa kwa hewa na chumvi na maji, kwamba tutaitandika kitambaa maalumu kinachopumua, juu yake mchanga safi wa mtoni, juu yake udongo, na banda litaondolewa. Aliendelea kumenya.

"Mtafukia lote?"

"Lote, Bibi."

"Na watoto wa shule?"

"Tutaweka picha pale shuleni. Wataona kwenye picha."

"Kuona picha hakuna haja ya kuja kwangu," akasema.

Akaweka kisu chini.

"Nilipowapa kihamba cha mume wangu mlisema ni faida ya vizazi. Shemeji zangu hawakunisalimia mwaka mzima. Nikang'oa migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Leo mnakuja kuniambia mnarudisha udongo kama ulivyokuwa. Migomba mnairudisha? Hao watakaocheka mtakuja kuwajibu nyinyi?"

"Bibi, nimejaribu."

"Ungejaribu zaidi."

"Nimechoka, Bibi," nikamwambia. Sikupanga kusema hivyo. Sauti yenyewe ilinitoka vibaya, kama ya mtoto. "Nimechoka kweli."

Alikusanya maganda ya ndizi kwenye beseni.

"Na mimi je?" akauliza.

Akainuka, akaongeza maji kwenye maharage. Hakuniambia nibaki kula, na kwa Machame hilo ni jambo kubwa. Niliondoka nikapita katikati ya kahawa iliyolowa, nikasubiri usafiri barabarani huku nalia kidogo, si kwa sakafu. Nililia kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na hakuna aliyebaki wa kulaumiwa isipokuwa maji.

Tulingoja kiangazi. Sakafu ilitakiwa ikauke polepole, si kwa pupa, kwa hiyo tuliifunika magunia na kuyafunua kidogo kila siku. Fundi alichimba mtaro juu ya kihamba ili maji ya mfongo yapite pembeni, na nilishangaa kuona wanaume wa jirani wakija kumsaidia, akiwemo shemeji mmoja wa bibi. Alichimba kimya, akanawa, akaondoka bila kumsalimia mtu.

Mchanga uliletwa ukamwagwa barabarani, kwa kuwa gari lisingepita, na vijana wa kijijini wakaubeba kwa magunia mgongoni. Mimi na fundi tulikuwa chini. Tulitandika kitambaa tukikifuatisha kila bonde la sakafu, tukakisukuma kwa viganja kwenye matundu ya nguzo. Mchanga wa kwanza hatukuumwaga, tuliuweka kwa mikono, kiasi cha kikombe, kisha tukausambaza. Siku zote hizo dirisha la jikoni kwa bibi lilikuwa limefungwa, na moshi ulionekana tu juu ya paa. Tulikunywa chai kutoka kwenye chupa niliyoibeba kutoka Rau. Haikuwa chai.

Tulipofika upande wa jiko, alitoka. Alivaa mabuti ya mpira na sweta lake la siku zote, akaja hadi kwenye ukingo, akasimama pale alipokuwa akisimamia wageni. Vijana walitua magunia wakamwamkia mmoja mmoja. Akawaitikia. Kisha, kana kwamba wamelipa kiingilio, akaanza kuwaeleza. Aliwaonyesha kwa fimbo mlango ulikokuwa, ng'ombe walikolala, mama alikokaa akipika. Walikuwa wamezaliwa vihamba vya jirani, na wengi wao nadhani walikuwa hawajawahi kuingia bandani. Mmoja akauliza yule mama alipika nini. Bibi akafikiri.

"Alichokuwa nacho," akajibu.

Alipomaliza, vijana walivua kofia. Mmoja, mwimbaji wa kwaya, alikohoa kidogo kama anayetafuta sauti, na nikaona wanasubiri mtu aanzishe sala.

"Vaeni kofia zenu," bibi akasema. "Hajafa mtu hapa. Mwageni mchanga."

Tukaumwaga. Fundi alilisimamisha lile figa lililoanguka, akalikandamiza mahali pake, nikalifunika mimi. Bibi alisimama hadi mwisho, akiegemea nguzo ya banda, na hakutaka kiti.

Baada ya hapo yalikuja mambo madogo madogo ya kuchosha. Bibi alitaka mabati ya banda kwa ajili ya zizi. Ofisi ilisema mabati ni mali ya umma. Nilibishana kwa simu hadi mkubwa wangu akachoka kunisikia, na mabati yakabaki Machame. Kisha bibi akataka kupanda majani marefu ya mabingobingo juu ya ile sehemu, maana ng'ombe wanakula na ardhi haiwezi kukaa bure.

"Mizizi yake inashuka mbali, Bibi. Itafika kwenye sakafu."

"Mgomba?"

"Mgomba pia hapana."

"Sasa nipande nini, kichwa chako?"

"Ukoka."

"Ukoka!" Alilitamka neno hilo kama tusi. Lakini ukoka ukapandwa, na yeye ndiye aliyekuwa anang'oa kila kichipukizi cha mti kilichojipenyeza, kwa hasira ambayo ilinifaa sana.

Shemeji zake walicheka, kama alivyosema. Walicheka kidogo tu. Wageni walikoma. Waongozaji wa watalii waliokuwa wakipitisha vikundi walipata mahali pengine pa kuwapeleka, na jina la kijiji likafutika kwenye mazungumzo yao. Picha kubwa yenye kioo tuliitundika shuleni, ukutani karibu na ofisi ya walimu. Nilipita siku moja nikakuta watoto wamesimama mbele yake, na nikafurahi, hadi nilipoona wanajitazama kwenye kioo chake wakirekebisha kola za mashati.

Siwezi kusema nilijisikia mshindi. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kumuuguza mgonjwa: asubuhi unaamka na mikono haijui pa kwenda. Nyumbani nilikwangua ule ukuta wenye unyevu, mume wangu akanishikia ngazi, tukaupaka chokaa. Unyevu ulirudi. Hatukushangaa.

Tulikuwa tumeacha bomba jembamba la plastiki linaloshuka hadi kwenye mchanga, ili kila baada ya mvua nije nishushe kifaa cha kupima unyevu wa chini. Masika yaliyofuata, nikiwa nakaribia kustaafu, nilipanda Machame peke yangu. Nilipita kwenye ukoka uliokatwa vizuri, nikapiga magoti kwa kujishika kwenye mti wa kahawa, nikapima, nikapima tena. Kulikuwa vizuri. Kulikuwa vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa na brashi mkononi.

Bibi alikuwa ametoka mlangoni ananitazama.

"Kukoje?"

"Salama, Bibi. Pakavu."

"Na wewe?"

Nikataka kusema salama kama mtu anavyosema. Nikamwambia magoti yamekwisha, na usingizi siku hizi haunijii vizuri, na bado sijui kustaafu kunafanywaje. Akaguna. Akaniingiza sebuleni, akaniletea maziwa ya moto kwenye kikombe kikubwa, akaniambia nivue viatu. Nilikunywa nikiegemeza kichwa kwenye kitambaa cha kochi alichokifuma mwenyewe. Alikuwa ananieleza habari za binti yake wa Arusha, kwamba anasema atakuja Krismasi, kwamba alisema hivyo pia mwaka jana, na sikusikia iliishaje.

Nilipoamka ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani na nilikuwa nimefunikwa blanketi. Mbuzi wa jirani alikuwa analia mahali fulani. Bibi alikuwa zizini, chini ya mabati, anamfokea ng'ombe kwa Kichagga, akimwambia asogee.